Mwamba umefungwa, tutakula nini?

SWALI: Kamati huku kwetu Pemba imefunga mwamba wa pweza miezi 3, sasa sisi akina mama tunaochokoa pweza mapangoni kwa kijiti tule nini jamani? Na hao pweza si watahamia kwengine?

JIBU: Dada pole, ila pweza hahami ovyo, anakaa pangoni mwake na akiwa mdogo anakua chap, uzito unaweza kupanda maradufu ndani ya mwezi mmoja, kwa hiyo ukimchokoa leo wa robo kilo umejipunja mwenyewe. Kijiji cha Andavadoaka kule Madagaska walianza kufunga mwamba hivyo 2004 na vijiji jirani vikaiga. Wao hufunga kipande tu, kwengine watu wanachokoa kama kawaida, kwenu wamefunga wote? Hapo wabaneni kamati, na sheria za siku ya kufungua pia zipangwe mapema maana watu hujaa balaa.