Kuhusu kukosa pumziko katikati ya utumishi

Ndugu yangu, umeuliza inakuwaje mtu aimbe kwaya, asikose kikao cha kanisa, na bado alale na moyo mzito. Katika Mathayo 11:28-30 Yesu anawaita wenye kulemewa na mizigo, lakini pamoja na pumziko anawapa nira, ambayo ni kifaa cha kazi. Kwa hiyo pumziko lake si kuacha kazi, bali ni kubadili bwana tunayemtumikia na sababu ya kumtumikia. Martha, katika Luka 10, hakukemewa kwa kuhudumu (huduma haina kosa). Alionywa kwa kusumbukia mengi, hata akamlalamikia Yesu, mgeni wake mwenyewe. Hapo nilijiona mimi, nikipanga viti kabla ya ibada huku nikihesabu kimoyomoyo nani hakuja kusaidia. Waebrania 4:9 inasema raha ya sabato ingali imesalia kwa watu wa Mungu, nami naelewa kwamba hapa duniani tunaionja tu. Kabla ya kupokea jukumu jipya, jiulize kama ungelifanya hata pasipo mtu wa kujua. Binafsi niliachia majukumu mawili, na saa ya asubuhi niliyoimaliza kwa simu za kamati sasa nasoma zaburi moja, polepole, kwa sauti.