Sinki la bafuni: bakuli la kioo au la kawaida?

SWALI: Habari dada, mi msomaji wenu niko Kigamboni, tunamalizia nyumba na sasa hivi tumefika bafuni. Mume wangu kaona sinki la bakuli la kioo, lile linalokaa juu ya meza ya granaiti, kalipenda kweli, ila fundi anasema tuchukue la kawaida la nguzo. Bafu lenyewe dogo, upana mita moja na nusu, maji ni ya kisima yanatoka kwenye tenki la mnara, tuna watoto wawili na mama mkwe tunaishi naye, anatawadhia hapo hapo. Tuchukue lipi? (Mama Wawili)

JIBU: Salama dada, hongereni kwa nyumba. Naomba lile la kioo mliache. Kama kisima chenu kina chumvi, na visima vingi vya ukanda wa pwani vinayo, kila tone likikauka kwenye kioo linaacha doa jeupe, utakuwa unafuta asubuhi na jioni. Halafu bakuli lina kimo cha sentimita 12 mpaka 15, ukiliweka juu ya meza ya kawaida ya sentimita 85 ukingo unafika karibu mita moja, watoto watanawaje hapo? Na uchafu unajikusanya pale bakuli linapokutana na meza, kitambaa hakifiki.

Mi ningechukua la udongo mweupe la kufunga ukutani, upana sentimita 45 mpaka 50, lenye kina kirefu, mana yale bapa yanarusha maji mpaka kwenye nguo, na liwe na kile kitundu cha juu cha kuzuia maji yasifurike mtoto akisahau koki wazi. Ukingo ukae sentimita 80 kutoka sakafuni, watoto wawekewe kistuli.

Fundi wako hajakosea kuhusu nguzo, ila muulize analifungaje, kwa sababu wapo wanaolikalisha juu ya nguzo wakaziba na saruji nyeupe basi wamemaliza. Nguzo inaficha mabomba na kusaidia kidogo tu, sinki lenyewe lazima lishikwe na bolti ukutani, af pembeni ipite silikoni. Ikizibwa saruji, siku bomba likivuja utalazimika kuvunja. Ipo pia nusu nguzo inayofungwa ukutani, hiyo kwa bafu dogo naipenda zaidi, unapiga deki mpaka chini.

Sasa la mama, na hili ndo linanigusa zaidi. Mtu mzima kupandisha mguu kwenye sinki, sakafu imelowa, kasimama kwa mguu mmoja, ni hatari kabisa, na uzito ule ndo unaong'oa masinki ukutani. Kabla taili hazijabandikwa mwambie fundi atoe koki ya chini, kama sentimita 45 kutoka sakafuni, na sakafu iinamie kwenye tundu la maji, mama apate na kiti atawadhe amekaa. Gharama yake ni ndogo sana sa hivi kuliko baadaye.

Koki nayo usinunue kwa kuangalia mng'ao. Kila mita 10 za kimo cha maji zinakupa presha ya baa 1 tu, kwa hiyo mnara wa mita 3 ni kama 0.3, na mixa nyingi za mkono mmoja (koki za kuchanganya maji ya moto na baridi) zinataka zaidi ya hapo, zitatoa maji kwa kujivuta. Uliza ya presha ndogo. Chini weka botoltrapu ya kawaida, kile kikombe cha chini ya sinki kinachozuia harufu, usikubali lile bomba la mikunjo, linashika nywele na sabuni.

Kabla ya kwenda dukani kata boksi saizi ya sinki, lishikize ukutani, ufungue mlango uone kama unagonga, na mbele ibaki sentimita 60 za kusimama. Dukani ligonge kwa kidole, likilia vizuri kama kengele ni zima, mlio ukiwa mbovu lina ufa, liache. Na nguzo yake ichukue hapo hapo siku hiyo hiyo, ukirudi wiki ijayo unaweza ukakuta za saizi ile zimeisha.