Kiti kipana "akue nacho": tukipokee?

SWALI: Mwanangu ana miaka 17, alizaliwa na mgongo wazi. Kiti mwendo chake alikipata akiwa darasa la tano. Januari anaingia chuo cha ushonaji, atakaa bweni. Kuna mfadhili anataka kumpa kiti kipana "akue nacho". Tukipokee? – Mama, Morogoro

JIBU: Mama, pimeni kwanza. Kiti mwendo si sare ya shule, eti inunuliwe kubwa mtoto ataijaza. Kikimzidi upana ataegemea upande mmoja, mgongo upinde, na mikono itanuke kufuata magurudumu hadi mabega yaume.

Mkalishe kwenye benchi gumu, msimamishie kitabu kila upande wa nyonga, upime kati ya vitabu: huo ndio upana wa kiti. Kisha pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, utoe sentimita 3 hadi 6, upate kina. Kina kikizidi, ataserereka mbele akalie mfupa wa mkia. Kikanyagio kikiwa juu mno, mapaja huinuka na uzito wote hurudi makalioni.

Na makalio ndiyo ya kuangaliwa zaidi, maana wengi wenye mgongo wazi hawahisi maumivu hapo. Asikalie turubai tupu. Awe na mto wa sponji. Akishakaa, ingiza vidole chini ya mfupa wa kalio. Visipoweza kuchezacheza, mto haufai. Sponji ifungwe nailoni isinywe mkojo, ila nailoni na foronya vilegee. Vikikazwa sponji haibonyei.

Bweni hutakuwepo, kwa hiyo ajifunze mwenyewe sasa, si Januari. Akiwa kwenye cherehani ainame mbele au aegemee upande kila baada ya dakika 20 au 30. Jioni ajikague kwa kioo. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu vizuri: atafute sehemu iliyozidi weusi, yenye joto au ngumu. Akiiona asiikalie hadi ipoe, na isipopoa aende kliniki. Kungojea kidonda kifunguke ni kujitafutia miezi ya kulala kifudifudi.

Breki za viti vingi hubana tairi lenyewe. Upepo ukipungua hazishiki, na kiti humkimbia anapohamia kitandani. Abebe pampu. Tairi la inchi 24 la baiskeli linaweza kukataa kuingia kwenye ringi: linganisheni namba za ubavuni mwa tairi, kwani 540 ya viti vingi si 507 ya baiskeli.