Kijana mwenye usonji akimaliza shule: mfundishe kazi pale pale kazi ilipo

Dada, umesema mwanao ana miaka 19, anamaliza kitengo maalumu mwezi wa kumi na mbili, anaongea kwa maneno machache, anaoga na kuvaa mwenyewe, na ndugu wanakushauri umwache tu nyumbani asije akapotea mjini. Unauliza kama kazi na kujitegemea ni ndoto kwa kijana wa namna hiyo. Nakujibu kama dada mkubwa niliyebaki na mdogo wangu mwenye usonji (autism, tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano) baada ya mama yetu kufariki. Sasa ana miaka 27. Tuko Morogoro, anafanya kazi kwa mfugaji wa kuku wa mayai, na analala kwenye chumba chake mwenyewe uani. Inawezekana, dada. Ila inahitaji mpango tofauti na ule ambao shule nyingi zinatupa.

Naomba ushike hili kuliko mengine yote nitakayoandika: vijana wetu wengi wakijifunza jambo sehemu moja, hawalihamishi wenyewe kwenda sehemu nyingine. Mdogo wangu alifundishwa kununua vitu akiwa shuleni. Darasani kulikuwa na kaduka, noti za karatasi na makopo matupu, na aliweza kabisa. Siku alipokwenda duka la mtaani kwetu kununua sukari nusu kilo, muuzaji alimwambia, "Chenji sina, nikupe pipi?" Akaganda. Hakujibu, hakuondoka, amekamata noti yake mbele ya dirisha la duka na watu nyuma yake wanalalamika, mpaka jirani akaja kuniita. Kwenye kaduka ka darasani chenji haikuwahi kukosekana.

Baada ya hapo mafunzo tuliyapeleka kwenye duka lenyewe. Nilikaa na yule muuzaji, nikamweleza, naye Mungu ambariki alikubali kuwa mwalimu. Siku nyingine anampa chenji kamili, siku nyingine anasema hana, siku nyingine anasema sukari imeisha. Kila jibu tuliliwekea la kufanya. Akiambiwa chenji hakuna, anasema "Basi nitarudi", anachukua hela yake, anaondoka. Kasentensi hako kadogo kamemfungulia milango mingi, mpaka sokoni na kwa fundi viatu.

Daladala ndiyo ilituchukua muda mrefu zaidi. Mwanzo nilikaa naye kiti kimoja kutoka Kihonda hadi mjini. Kisha nikawa nakaa viti vya nyuma. Kisha nikawa napanda gari linalofuata na binamu yetu anamsubiri kituoni. Nauli kamili anaishika mkononi kabla gari halijafika, maana kutafuta hela huku konda anamhimiza kulimvuruga. Kelele tulizipunguza kwa vile vizuia sauti vya masikioni wanavyovaa mafundi wa mashine, vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Kilichobaki ni konda kutangaza katikati ya safari kwamba gari linaishia Msamvu. Hilo nalo tulilifanyia mazoezi pale pale Msamvu: unashuka, unasimama kwenye nguzo ileile, unampigia dada. Usimwachie mwanao apande peke yake kabla hamjayafanyia mazoezi mambo yanayoharibika njiani. Safari iliyonyooka wanaijua mapema sana, inayowaangusha ni ile iliyopinda.

Sasa kazi. Watu watakwambia mpeleke ushonaji au ufumaji, kwa sababu ndivyo vituo vingi vinavyofundisha. Mimi naona uanze kwa kumtazama mwanao anafanya nini akiachwa peke yake, bila kuagizwa. Mdogo wangu alikuwa anapanga vizibo vya soda kwa rangi, na ukigusa kimoja anajua. Ndiyo maana niliposikia mfugaji mmoja analalamika kwamba wateja wanarudisha mayai yenye nyufa, nilikwenda kumwona. Leo ukiingia kwenye kile chumba cha mayai utamkuta amesimama mbele ya taa, yai moja moja, analizungusha kwenye mwanga. Ufa mwembamba ambao mimi siuoni hata nikionyeshwa, yeye anauona na kuliweka yai pembeni. Mazima anayapanga kwenye trei ya mayai 30, ncha nyembamba chini yote, na trei ikijaa anachora mstari mmoja kwenye daftari. Mabandani hakuingia, kule kuna kelele na vumbi, na tuliafikiana na bosi tangu mwanzo.

Mwajiri naye anahitaji kufundishwa. Maneno kama "safisha vizuri" au "ongeza kasi kidogo" hayampi mdogo wangu kitu cha kushika. "Futa meza yote, ukimaliza tundika kitambaa msumarini" anakielewa na anakifanya kila siku bila kukumbushwa. Tulibandika ukutani picha za hatua za kazi, tulizipiga kwa simu mle mle chumbani, na mkono unaoonekana kwenye picha ni wake. Nilikaa naye kazini mwanzoni, kisha mama mmoja anayesimamia stoo akachukua nafasi yangu taratibu mpaka mimi nikatoka kabisa. Mtu mmoja wa kumkimbilia anatosha, lakini awe anajulikana kwa jina, na awepo mwingine wa akiba siku yule akiugua.

Kitu ambacho sikukitegemea ni mapumziko. Kazi yenyewe ina mpangilio, ila saa ya chakula haina: wenzake wanataniana, wanahama hama, wanaulizana habari za mpira. Huko ndiko alikokuwa anachanganyikiwa na kuanza kujipiga kichwani. Tukaipa saa hiyo mpangilio: anakula mahali pake, anazunguka uzio, kengele ya simu ikilia anarudi. Hapo palitulia.

Kama unahisi haya ni mambo ya familia moja tu, kuna ushahidi wa nje. Marekani kuna mpango unaoitwa Project SEARCH, ulianza mwaka 1996 kwenye hospitali ya watoto ya Cincinnati, Ohio. Nesi aliyekuwa anaongoza idara ya dharura, Erin Riehle, alihitaji watu wa kujaza vifaa kwa uangalifu uleule kila siku, akafikiria vijana wenye ulemavu wa ukuaji. Mwaka wao wa mwisho wa shule vijana hao wanausomea ndani ya hospitali, wakifanya kazi halisi katika idara zake. Mwaka 2014 Paul Wehman na wenzake wa Virginia walichapisha utafiti wa vijana 40 wenye usonji waliogawanywa kwa bahati nasibu. Kati ya 24 waliopitia mpango huo, 21 walipata ajira. Kati ya 16 waliobaki na huduma za kawaida za shule, alipata mmoja. Sisi hatuna hospitali za namna hiyo, lakini kanuni ni ileile ya duka la sukari, na haihitaji mashine yoyote.

Kwa upande wa sheria, hapa Tanzania Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Itaje unapoongea na waajiri, ila ujue inasema wawe na sifa za chini za kazi hiyo, na vijana wetu wengi hawana cheti. Ndiyo maana nakushauri uulizie VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi, kuhusu urasimishaji ujuzi, ambapo mtu aliyejifunza kazi mtaani anapimwa na kupewa cheti. Pia halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata akueleze masharti yalivyo sasa. Na kitambulisho cha taifa cha NIDA kama bado hana, anza nacho. Mazoezi ya kuweka vidole na kutulia mbele ya kamera yafanyeni nyumbani, kisha nendeni siku ambayo foleni ni fupi.

Hela inaniuma kuliko yote, maana ndiko vijana wetu wanakoumizwa. Kwanza alipwe. "Aje tu azoee" isiyo na tarehe ya mwisho ni kumtumikisha, na tulipofuatwa na mwajiri wa kwanza kwa maneno hayo nilimtoa mdogo wangu. Pili, simu. Zile jumbe za matapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii" zinaandikwa kwa watu wote, na mtu anayechukua kila neno kama lilivyo anatuma kweli. Mdogo wangu ana kanuni moja: namba ya siri haisemwi kwa mtu yeyote, hata kwa dada. Na ninampima. Nikimwomba namba yake ananiambia "Hapana", na nafurahi kila mara. Kwenye simu anabaki na hela ya wiki, iliyobaki iko benki.

Kuhusu kuishi mwenyewe, anza na chumba kilicho karibu. Chake kina ufunguo wake na mita ya LUKU ya peke yake, na zile tarakimu 20 za umeme ulionunuliwa anaziingiza kwa raha. Kazi za nyumbani nilimfundisha kwa kuanzia mwisho. Kwenye chai, kwa mfano, mimi nilifanya yote, yeye akamimina kikombeni. Alipozoea, akawa anachuja na kumimina. Kisha anatia majani, anachuja, anamimina. Tukarudi nyuma hivyo mpaka kuwasha jiko. Uzuri wa njia hii ni kwamba kila siku anamaliza yeye, na anaona kazi imekamilika kwa mkono wake. Ugali bado unamshinda, na hilo halinisumbui, kuna mama ntilie jirani.

Mawili ya haraka. Usonji na kifafa huambatana kwa watu wengi, na ujana ni kipindi kinachoweza kukianzisha, kwa hiyo ukiona anaganda au kudondoka mpeleke hospitali na mwajiri ajue la kufanya. Na mfundishe mambo ya mwili waziwazi, kwa maneno halisi ya viungo: nani haruhusiwi kumgusa, na yeye haruhusiwi kumgusa nani. Akishakuwa na ndevu, kumshika nywele mtu asiyemjua kituoni kunaweza kumletea kipigo.

Niandikie anapenda kufanya nini akiwa peke yake, kelele zipi zinamkera, na mtaani kwenu kuna shughuli gani za karibu kwa miguu, mashine ya kusaga, bustani, stoo, chochote. Nikijua hayo nitakwambia ningeanza kubisha hodi wapi.