Jibu: Watoto 45 Nairobi Gallery, wagawe kwanza

Mwalimu, umeuliza kama watoto 45 wa Gredi ya 6 wanaweza kuingia Nairobi Gallery, lile jumba la makumbusho ya sanaa jijini Nairobi, kwa mkupuo. Kuingia wataingia, ila kuona ndiyo kazi. Ile ilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, iliyojengwa 1913, na vyumba vyake ni vya ofisi kweli. Mara ya kwanza niliwaingiza wangu wote pamoja. Wa nyuma waliona visogo vya wenzao tu. Siku hizi nawagawa makundi matatu: moja ndani, jingine nje likichora jengo, la tatu pale Point Zero, mahali ambapo umbali wa barabara ulianza kuhesabiwa. Kisha wanabadilishana.

Na tafadhali, usiwape karatasi ya maswali ishirini, watanakili vibao tu. Kila mtoto achague kitu kimoja kwenye mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi (yule makamu wa rais wa Kenya wa 1966), akitazame dakika tano nzima, ndipo akichore. Kwa penseli! Kalamu za wino na mikoba zibaki kwenye basi.

Barua ya kuomba nafasi peleka mapema, uulize na ada ya wanafunzi. Halafu choo ni kabla ya kuingia, si baada.