Kuhusu lile swali lako la bunduki shuleni

Mwanangu Kiprono,

Hapa Nakuru tu wazima, twamshukuru Mungu. Siku ile wanafunzi wako huko Texas walipofunzwa kujificha chini ya madawati, uliniuliza kwa simu kama vijana wanaoingia shuleni na kuua wenzao ni wendawazimu. Nimeona nikujibu kwa barua, maana jambo lenyewe ni zito.

Jibu la wazimu halinitoshi. Wagonjwa wa akili wako kila nchi, na wengi wao hawamdhuru mtu. Hasira za vijana nazo tunazo. Machi 2001, kule Kyanguli, Machakos, bweni liliteketezwa usiku kwa petroli, wavulana 67 wakafa, na walioshukiwa ni wanafunzi wenzao. Mtu asikwambie watoto wetu wana mioyo mingine.

Tofauti ni kile kinachopatikana mkono unaponyooshwa. Marekani bunduki za raia ni nyingi kuliko raia wenyewe. Yule kijana wa Uvalde, jimbo hilo hilo unaloishi, alitimiza miaka 18, akanunua bunduki kihalali, na siku chache baadaye, Mei 2022, akaua watoto 19 na walimu 2. Hata sisi tumeyaona. Silaha zilipoporwa katika kambi ya Moroto, Uganda, mwaka 1979 na kusambaa mipakani, wizi wa mifugo wa mikuki na mishale uligeuka mauaji ya halaiki, na hadi leo watu wa Baringo, hapa kwetu Kenya, wanazika.

Lakini bunduki haijifyatui. Baada ya mauaji ya shule ya Columbine ya 1999, serikali ya Marekani ilichunguza mashambulizi 37 ya shuleni. Washambuliaji wengi walihisi wameonewa, wengi walikuwa wamewaza kujiua, na bunduki nyingi zilitoka nyumbani kwao au kwa jamaa. Kisha hili linaloniuma kama mwalimu: katika mashambulizi kama manne kati ya kila matano, kuna mtu aliyejua mapema, na mara nyingi ni mwanafunzi mwenzao.

Nikiwa mwalimu wa zamu, jioni moja mvulana wa kidato cha pili alisimama mlangoni pangu akivutavuta kifungo cha sweta. Akaniambia sandukuni mwa fulani mna petroli. Tuliikuta chini ya vitabu, kwenye chupa ya sharubati, kifuniko kimezungushiwa nailoni. Mwenye sanduku alikuwa ameacha kula na wenzake kitambo. Wakubwa walimcheka bwenini, na nyumbani baba alikuwa amemwambia mbele ya wageni kuwa hana faida. Alikuwa amewadokezea wenzake kadhaa. Huyu mmoja alisema kwa sababu alijua hatachapwa, wala jina lake halitatajwa gwarideni.

Basi kwangu chanzo ni jamii inayomwacha mtoto aaibike peke yake, inayomfunza kwamba mwanamume hulipa aibu kwa damu, kisha inamwachia silaha kabatini. Wala usimwogope kila kijana mpweke. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki huko Marekani ni vya watu kujiua, kwa hiyo huenda yeye ndiye aliye hatarini kwanza.

Muulize mkuu wako wa shule: mtoto akimsikia mwenzake akitishia kuua, anamwendea nani, na akishasema, anafanywa nini? Ukipata jibu, nipigie.

Mama yako