Utii kwanza, ishara baadaye

Dada uliyeuliza kama usubiri ishara kabla ya kukubali kazi ya Dodoma, soma Yohana 7:17. Yesu anazungumzia mafunzo yake, lakini angalia mpangilio: anayependa kutenda mapenzi ya Mungu ndiye atakayejua. Warumi 12:1-2 ni vilevile, unajitoa dhabihu kwanza, ndipo unajua mapenzi ya Mungu. Basi kagua yaliyokwisha kuamriwa waziwazi: kuepuka uasherati (1 Wathesalonike 4:3), kulipa deni, kumsamehe ndugu ambaye hujamsamehe. Wengi hukwama hapa. Mtu anafunga siku tatu akiomba maono, na dada wa kazi hajalipwa mshahara! Yakishanyooka, pima, uliza wazee, amua. Paulo alizuiwa na Roho kuhubiri Asia (jimbo la Kirumi, si bara) na kuingia Bithinia akiwa tayari safarini, na maono ya Makedonia yalimkuta Troa (Matendo 16:6-10).